Tarumbeta Alilochaguliwa na Mtani

Kupuliza, Sihaba hakufundishwa na mtu. Alijifundisha dunguni, kwenye jukwaa la miti juu ya shamba la mpunga la mama yake huko Mbuchi, akigombana na ndege.

Mpunga ukishatia maziwa, hakuna wa kukaa nyumbani. Kila shamba lina dungu lake, kila dungu lina mtu wake, na kila mtu ana kelele yake: huyu debe, yule kombeo, mwingine mdomo mtupu na matusi. Sihaba alikuwa na kipande cha bomba la plastiki, masalia ya kisima cha mradi ambacho maji yake hayakutoka hata siku moja. Alibana midomo, akapuliza, na kwelea kwelea wa shamba zima wakanyanyuka wakahamia kwa jirani. Jirani akasema heri ndege kuliko yeye. Lakini msimu baada ya msimu lile bomba lilianza kumtii, likawa linatoa sauti nene, na ya katikati, na nyingine ya juu iliyowafanya mbwa wa kijiji waitikie.

Siku bendi ya matarumbeta kutoka Kibiti ilipokuja Mbuchi kwenye harusi, boti yao ilipita kando ya mashamba. Kiongozi wao, mzee mnene aitwaye Bwanaheri, akamwambia nahodha azime mashine, akasikiliza. Alipoambiwa kwamba yule ni mwanamke anaamia ndege kwa bomba la maji, alicheka mpaka kofia ikataka kudondoka mtoni. Jioni, harusi ikipumzika, akaagiza aletwe. Akafuta kidomo cha tarumbeta lake kwa leso, akampa. Sihaba akalipuliza. Bwanaheri hakucheka tena.

"Midomo unayo," alisema. "Vidole tutavifundisha. Sikiliza, mwanangu. Harusi zetu zina pazia. Sisi wanaume tukifika penye pazia tunasimama, tunapulizia ukuta kama majuha, na wenye kutuza wote wako ndani, wanawake. Nataka mwanamke wa kumwingiza bibi harusi ndani kwa tarumbeta. Mmoja tu. Njoo Kibiti baada ya Idi nikupime. Lakini uje na lako. Tarumbeta ni kama mswaki, haliazimwi."

Tuseme wazi neno hilo lilikuwa na uzito gani kwake. Sihaba alikuwa amerudi kwa mama yake na godoro moja na talaka moja. Maji ya chumvi yalikuwa yakipanda mashambani kila mwaka, na shamba la mama likifa ukingo baada ya ukingo. Waliokuja kuposa tangu aachike walikuwa wazee wa kikohozi, wanatafuta wa kuwachemshia maji. Na sasa mtu amemwambia kuna riziki ambayo angeipata kwa pumzi zake mwenyewe, bila kumwomba mwanamume yeyote ruhusa. Tena aliipenda. Tangu siku ile, kila alipolipuliza bomba alilisikia lile tarumbeta nyuma yake, akatamani mpaka kifua kikauma.

Kumbe ndani ya bendi ile ile alikuwamo mtu wake. Gharibu, mpiga tarumbeta, alikuwa mtoto wa mjomba wake Kondo anayeishi Kibiti. Na mtoto wa mjomba, kwa watu hawa, si ndugu wa kuheshimiana. Ni mtani. Alimzidi Sihaba miaka michache, lakini tangu utotoni waliitana mume wangu na mke wangu, wakitukanana mbele ya wazee na wazee wakifurahi.

Utani wao ulikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: kila neno liligeuzwa. Sihaba akipendeza, Gharibu atashika kichwa aseme, "Mke wangu, leo umevaa nini? Mbona unatisha watoto?" Akipika pilau likamkubali, Gharibu atamaliza sahani ya pili huku akiapa kwamba amelishwa sumu. Baba yake Sihaba alipofariki, Gharibu alijilaza mbele ya jeneza akakataa lisipite mpaka alipwe deni ambalo halikuwapo, na wafiwa walicheka katikati ya machozi. Na Sihaba alipoachika, wakati wengine wanakuja na nyuso za pole, Gharibu aliingia uani amevaa kanzu, akatangaza kwamba yule bwana aliyemwazima mke wake amerudisha mali, tena kaichakaza, naye anataka fidia. Sihaba alicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu talaka. Alimpenda Gharibu kwa hilo, na hakuwahi kumwambia, maana watani hawaambiani.

Mmoja wao akitaka kusema kweli, kulikuwa na njia. Alisema, "Tuache utani." Hapo mwingine alinyamaza, na kilichofuata kilikuwa chenyewe.

Mpunga ulipovunwa, Sihaba akauza fungu lake. Fedha aliyoipata isingenunua hata sanduku la tarumbeta jipya. Basi, liwe la mtumba, akasema, wangapi wanavaa mitumba na wanapendeza? Akampigia Gharibu simu. Angempigia nani mwingine?

"Njoo, mke wangu," Gharibu alimwambia. "Nitakuchagulia bovu kuliko yote Tanzania nzima."

Sihaba akalala usingizi mzuri.

Duka lilikuwa la mtu aitwaye Hemedy, Kibiti, si mbali na stendi. Aliuza vilivyotumika: spika za msikitini, magitaa yasiyo na nyuzi, kinanda kilichokosa meno ya mbele. Matarumbeta yalikuwa mawili, yamelazwa juu ya meza. La kwanza lilikuwa linameta, rangi ya dhahabu kuanzia kidomo mpaka mwisho, ungedhani limetoka kuvuliwa karatasi. La pili lilikuwa limeota madoa meusi, na ule mdomo wake mpana ulikuwa umebonyea upande mmoja, mithili ya sufuria iliyokanyagwa. Bei zilikuwa sawasawa, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mjuzi. Lakini anayeanza hununua kwa macho. Sihaba hakujua kwamba vile vitufe vitatu vya juu unavibonyeza polepole uone kama vinarudi vyenyewe. Hakujua kwamba vibomba vya pembeni huvutwa, na kwamba rangi mpya juu ya chombo kikuukuu ni ya kuulizwa maswali. Ndiyo maana alikuja na mtu anayejua.

Alilipuliza linalometa. Likatoa sauti. Akalipuliza lililobonyea. Nalo likatoa sauti. Akamtazama Gharibu.

Gharibu alilichukua linalometa, vidole vyake vikakimbia juu ya vitufe, akaliinamishia sikio. Kisha akaliweka mezani taratibu, akavaa uso wa mtu aliyetoka kuzika.

"Mke wangu, hili limekufa," alisema. "Hii maiti imekwatuliwa tu. Ukinunua hili utalia."

Hemedy akaanza kucheka. Wateja wawili waliokuwa wakiangalia redio wakageuka. Gharibu akalinyanyua lililobonyea juu, akalizungusha kama anayenadi kanga.

"Hili sasa! Hili ndilo lenyewe. Mrembo, sura kama yako, mbavu kama zako. Hili litakupeleka mpaka Ikulu!"

Duka zima likacheka, na Sihaba akacheka kuliko wote. Mtani wake alikuwa amekwisha kumchagulia, kwa lugha yao. Hata hivyo fedha ile ilikuwa ya mpunga, na ya jua, na ya ndege. Akamshika Gharibu mkono wa kanzu, akamvuta pembeni kidogo.

"Mume wangu, tuache utani. Lipi?"

Gharibu alimtazama. Alikaa kimya kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Tangu lini mimi na wewe tukauacha utani, mwanamke? Nimeshakwambia, chukua hili lililobonyea, lile limekufa. Asiyesikia la mumewe huvunjika guu!" Na akamkonyeza.

Sihaba akanunua linalometa.

"Umemsikia bwana lakini?" Hemedy aliuliza, akilifunga kwenye gazeti. "Maana kilichotumika hakirudi, dada. Ukivuka mlango huo ni lako na tabu zake."

"Nimemsikia," alijibu Sihaba, bado anacheka. "Namjua huyo."

Gharibu akampakia kwenye bodaboda, akamlipia nauli mpaka kwenye boti. Akasimama barabarani anapunga mkono, anamtukana mpaka vumbi likamficha.

Huko Mbuchi kazi ikaanza. Sihaba alipuliza asubuhi akienda shambani na jioni akirudi. Ramadhani ilipoingia akapuliza baada ya futari, na majirani wakasema mwaka huu wa kuamsha watu daku amepatikana mapema. Sauti ya kwanza ilikuja. Lakini alipobonyeza vitufe, pumzi zilikuwa zikimpotea njiani, na sauti ikatoka imepauka, inatetemeka, mara inakatika kabisa. Kitufe kimoja kilikuwa kikibonyezwa kinakaa huko huko chini mpaka akivute kwa kucha. Akajiambia mikono yake ni ya jembe, haina adabu. Akajiambia kifua chake kifupi. Siku moja, kwa hasira, alilishika bomba lake la ndege akalipuliza, na bomba likaimba. Mwenye akili zake angejiuliza swali hapo. Sihaba alijijibu kwamba bomba ni la ndege, na shaba ni ya watu waliosoma.

Alimrekodia Gharibu sauti zile kwenye simu, akamtumia. Gharibu akajibu kwa sauti naye, anacheka.

"Mke wangu, midomo hiyo ya kula uduvi hailiwezi tarumbeta. Rudi kwa ndege wako. Huko Kibiti utajiaibisha bure."

Sihaba akazidisha. Mtani akikwambia huwezi, si anakupa moyo? Midomo ikampasuka, mama yake, Mwajabu, akawa anaipaka mafuta ya nazi kila jioni, anaguna. Yeye akipona kidogo anarudi tena. Kila uovu wa lile tarumbeta aliuhesabu kuwa wake.

Idi ikapita. Sihaba akavuka, akafika Kibiti, uani kwa Bwanaheri. Wanabendi walikuwa kwenye mabenchi, vyombo magotini, Gharibu miongoni mwao. Akampokea kama kawaida.

"Ameingia! Ficheni watoto!"

Pembeni, kwenye mkeka, alikaa msichana mwingine, mpole, na mfuko wa kitambaa mapajani. Sihaba alimsalimia, akaambiwa anaitwa Yasmin, wa Ikwiriri, naye amekuja kupimwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna mwingine. Haidhuru, akajisemea, mwenye kushinda ashinde.

Akaitwa yeye kwanza. Akasimama juani, akapuliza. Sauti ya kwanza ilitoka imenyooka, na wazee wa bendi wakatazamana. Bwanaheri akamwonyesha vidole, bonyeza hiki, achia, bonyeza hivi viwili. Sihaba akabonyeza. Sauti ikapauka. Akaongeza pumzi mpaka shingo ikasimama mishipa, na karibu na kiganja chake kitu kikaanza kuzomea, ssss, upepo unatoka pembeni. Kitufe kikaganda chini. Akaendelea kupuliza, mashavu yamejaa, macho yanamtoka, na kilichosikika ni kuzomea tu.

"Lete," alisema Bwanaheri.

Alilipima kwa mkono, akaomba ndoo ya maji. Akaziba mdomo mpana kwa tambara, akalizamisha, akapuliza kwenye kidomo, vile fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Mapovu yakapanda. Si mahali pamoja; kila kona ya lile tarumbeta ilitoa povu lake, ndoo ikachemka. Bwanaheri akalitoa, akakwangua kwa ukucha. Rangi ya dhahabu ikabanduka, na chini yake kulikuwa na gundi ya kijivu, ile ya kuzibia matangi, imepakwa juu ya shaba iliyoliwa.

"Hili si tarumbeta," alisema. "Hili ni chujio."

"Dada, umepigwa!" kijana mmoja wa ngoma akadakia, na watu wakacheka.

"Nani alikuchagulia?" Bwanaheri aliuliza.

Macho ya Sihaba yalikwenda yenyewe kwenye benchi. Gharibu alikuwa ameshanyanyua mikono yote miwili juu, meno nje.

"Mashahidi wapo, jamani! Dukani kwa Hemedy, mchana kweupe, nilimwambia hili maiti. Nikamwambia chukua lile lililobonyea. Nimesema sikusema, mke wangu?"

"Ulisema," alijibu Sihaba.

Ua mzima ukavunjika mbavu. Hata Bwanaheri alitabasamu, maana kila mtu alijua wale ni watani, na mtani akikuumiza unacheka na wewe, ndiyo mila. Sihaba mwenyewe alikuwa ameshafungua midomo yake iliyopasuka ili acheke. Hapo Bwanaheri akamwita Yasmin, na Yasmin akasimama, akatoa chombo chake mfukoni.

Lilikuwa na madoa meusi. Mdomo wake mpana ulikuwa umebonyea upande mmoja.

"La kwako umelitoa wapi?" Bwanaheri aliuliza. "Tusije tukachemsha ndoo nyingine."

"Mchumba wangu ndiye aliyenichagulia," alisema Yasmin, ameinamisha uso kwa haya. Hakuwa na hila hata chembe. Alikuwa msichana anayejivunia mtu wake. "Alilichukua kwa Hemedy kabla ya Ramadhani. Alisema yalikuwa mawili, moja akaja kulinunua ndugu yake mchana, na hili akalirudia jioni." Na akamtazama Gharibu.

Mchumba. Gharibu, aliyekuwa akimwambia Sihaba mpaka ndoto zake, hakuwa amemwambia hata jina la msichana huyu. Alikuwa amempungia mkono barabarani, amemtukana mpaka vumbi limfiche, kisha akageuka akarudi dukani.

Sihaba alifunga midomo yake. Mambo yote yakajipanga mbele yake kwa mara moja: kile kimya cha kumeza mate, ile sauti ya kusikika mpaka nje ili mashahidi wapatikane, lile jicho. Mdomo wa Gharibu ulisema kweli, kukonyeza kukasema uongo, naye alijua Sihaba atafuata kipi. Alimjua kuliko mtu yeyote duniani, na ujuzi huo ndio alioutumia. Halafu akamwacha mwezi mzima anachana midomo, anajiita mjinga, anajiona hafai, huku yeye akisikiliza zile sauti kwenye simu na kujua kila kitu. Talaka haikumuuma Sihaba hivi. Mume yule alikuwa mtu baki.

Yasmin akapuliza. Midomo yake haikuwa na nguvu ya Sihaba, kila mwenye masikio aliisikia. Lakini kitufe kilipobonyezwa kilirudi, na sauti aliyoitaka ndiyo iliyotoka. Bwanaheri alikuwa na harusi Ijumaa ile ile.

"Midomo unayo bado, mwanangu," alimwambia Sihaba. "Lakini nafasi ni moja, nami siwezi kuipa midomo mitupu."

"Nashukuru, mzee," alisema Sihaba.

Gharibu alimkimbilia mpaka kwenye geti.

"Mke wangu, usiondoke hivyo."

"Nilikwambia tuache utani."

Gharibu akakuna shingo. "Lakini yote mawili yalikuwa mezani, Sihaba. Mkono ulikuwa wako."

"Ulijua mkono wangu utakwenda wapi."

"Nami ningefanyaje? Yasmin kwao hawana kitu, na tunaoana. Tukiwa wawili kwenye bendi, tutakuwa na nyumba. Wewe una shamba, una mama..."

"Ungeniambia. Ungesema, mtani, huyu ni wangu, naye anaitaka nafasi. Tungeshindana naye kwa haki, na angenishinda ningempigia vigelegele mimi wa kwanza."

Gharibu akarudi kwenye silaha yake. "Haya, usinune basi. Uso wenyewe hauna hata nafasi ya kununia."

Maneno ya namna hiyo alikuwa ameyasikia maisha yake yote. Siku ile yalikuwa matusi tu. Sihaba akaondoka.

Alimwambia mama yake yote, akitegemea hasira. Mwajabu alisikiliza, akatengeneza kanga yake, akatazama chini. Gharibu alikuwa mtoto wa kaka yake wa pekee.

"Mtani hashtakiwi, mwanangu," alisema. "Ukimshtaki watu watakucheka wewe. Meza."

Mjomba Kondo akatuma jogoo kwa boti, faini ya utani, na salamu kwamba mwaka ujao Sihaba aende dukani na miwani. Ndivyo watu wazima walivyo. Jambo likiwazidi uzito, huliita utani, likakosa wa kulibeba, na aliyeumia akaambiwa hana mcheko. Sihaba alimfungua yule jogoo kamba miguuni, akamwacha ajiendee.

Harusi ya Gharibu na Yasmin ikawekwa mwezi wa mfungo pili. Sasa, kwa kina Kondo kuna mila yao. Bwana harusi hatoki nyumbani kwa baba yake kwenda kuoa mpaka binamu yake wa kike akae kwenye kizingiti, anyooshe miguu, afunge mlango. Huyo ndiye mke mkubwa. Atamtukana bwana harusi mbele ya ukoo, atamtajia uvivu wake, kukoroma kwake, madeni yake ya utotoni, mpaka apewe doti ya kanga na chochote mkononi. Ndipo anainuka, vigelegele vinapigwa, na bwana harusi anatoka na baraka. Asiyefungiwa mlango husemwa ametoka kwao kama mwizi. Na binamu wa kike alikuwa Sihaba peke yake.

"Utakwenda," alisema Mwajabu. "Mlango ule ni wako."

"Nitakwenda, mama," alisema Sihaba.

Alikwenda amevaa vizuri. Nyumba ya mjomba ilikuwa imejaa wanawake mpaka ukumbini, na nje bendi ilikuwa imeshapanga mstari. Mke wa mjomba, Mwanabibi, alimkumbatia, akamsogeza kuelekea mlangoni.

"Leo usimwonee huruma," alimnong'oneza. "Watu wamekuja kukusikia wewe, si pilau langu."

Gharibu akatokea chumbani, kanzu nyeupe, joho, kilemba, na doti ya kanga imeshakunjwa mkononi tayari kwa kulipa faini. Alipofika ukumbini akasimama, akazungusha macho kwa madaha.

"Yuko wapi mke wangu mkubwa, yule mwenye uso wa chaza? Namwogopa, nisindikizeni!"

Wanawake wakaangua kicheko, wakapiga makofi. "Kaa, Sihaba! Funga mlango!"

Sihaba hakukaa. Alikuwa amesimama pembeni ya mlango, mgongo ukutani, ushungi umeshuka mpaka kwenye paji la uso, na kizingiti kiko wazi. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Kicheko kikakatika. Hakuna mtu katika ukumbi ule aliyewahi kusikia mtani akimwamkia mtani wake. Na kaka ni kaka. Kaka hatukanwi, wala hafungiwi mlango. Mwanabibi akajifunika mdomo kwa kiganja. Mwajabu, kule nyuma, akatazama chini.

Gharibu alijaribu kucheka. "Kaka nani tena? Mwanamke, nakudai futari ya mwaka juzi, usinikimbie kwa shikamoo!"

"Nashukuru kwa kutualika, kaka," alisema Sihaba, sauti imetulia, macho chini. "Mungu akupeni kheri, wewe na wifi. Pita, mlango uko wazi."

Gharibu akanyoosha ile doti ya kanga. Sihaba akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti nusu, kama mtu anavyopokea kwa mkubwa, akasema ahsante. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nje, Bwanaheri alidhani mambo yamekwisha, akaashiria, na matarumbeta yakalia kumwita bwana harusi atoke.

Gharibu alifika kizingitini akasimama. Mbele yake hapakuwa na miguu ya kuruka wala mtu wa kumbembeleza. Akageuka, akamwinamia Sihaba karibu, na sauti yake ilikuwa ya chini, haina mchezo wowote ndani yake.

"Sihaba. Tuache utani. Nitukane basi, hata neno moja."

"Siwezi, kaka," alisema Sihaba. "Nakuheshimu."